Kamba za mwani na kidonda cha mama mkubwa

Mama mkubwa alipokatwa na gamba la chaza hakusikia. Alikuwa baharini Tumbe, Pemba, siku ya bamvua, maji yamekupwa mpaka mbali, anafunga mbegu za mwani kwenye kamba kama ninavyomuona akifanya tangu niko darasa la tatu. Aliyeona ni jirani yake wa shamba la pili. Akamwambia, "Mwenzangu, hapo uliposimama maji yana damu." Akanyanyua mguu. Kidole cha pili, mguu wa kulia, kilikuwa kimepasuka ubavuni kama samaki aliyekwisha kutiwa kisu, na mwenyewe hana habari. Ana sukari kwa miaka kumi na moja. Nyayo zilikuwa zimeshakufa ganzi zamani, ila hakumwambia mtu.

Mimi nasomesha kemia skuli ya sekondari Wete. Kwetu ni Tumbe, na mama mkubwa ndiye aliyenilea baada ya mama yangu mzazi kufariki, kwa hiyo kila Ijumaa jioni nilikuwa napanda gari ya Konde kwenda kumtazama. Wiki ya sita kidonda bado kiko wazi. Hakikui, hakipungui. Pembezoni kimekuwa cha kijivu, katikati chekundu, na kinatoka maji mchana na usiku.

Kituo alichokuwa akienda kusafishwa walikuwa wakimmiminia haidrojeni peroksaidi kila siku ya pili. Yeye akiipenda dawa ile. "Unaiona inavyochemka? Inakula uchafu," akaniambia, na uso umemkunjuka kwa matumaini. Nilinyamaza, kwa sababu povu lile nalijua. Kila mwaka nawaonesha wanafunzi: nachukua kipande cha ini la ng'ombe, naidondoshea dawa hiyo hiyo, ini linafoka mpaka povu linamwagika mezani. Lile povu ni oksijeni. Ndani ya ini, ndani ya damu, ndani ya nyama yoyote iliyo hai kuna kimeng'enya kiitwacho katalesi, na kazi yake ni kuivunja peroksaidi ikawa maji na oksijeni, kwa kasi ambayo kiwanda chochote kingeitamani. Kidonda chenye damu kitafoka hata kiwe hakina kijidudu hata kimoja. Na peroksaidi inayowahi kupenya kabla haijavunjwa haichagui: inaunguza bakteria, na inaunguza pia seli changa zinazojaribu kutambaa kutoka ukingoni ili zikifunge kidonda.

Nilimuuliza muuguzi kwa adabu. Akanijibu kwamba ndivyo walivyosomeshwa na ndiyo dawa iliyopo. Hakuwa mtu mbaya, na alikuwa na foleni ya watu ishirini nyuma yangu.

Usiku ule Wete sikulala mapema. Nilijua tangu chuoni kwamba mwili hutengeneza peroksaidi wenyewe, bila ya chupa, lakini sikuwahi kukaa nikapiga hesabu. Chupa ya dukani ni asilimia 3, yaani gramu 30 katika lita. Ukigawa kwa 34, uzito wa moli yake (moli ni kipimo cha wanakemia cha kuhesabia chembe), unapata moli 0.88 kwa lita. Nyama iliyovimba na kuwaka hufika makumi ya maikromoli kwa lita, pengine 100, na maikromoli ni moli moja iliyogawanywa kwa milioni. Gawanya mwenyewe. Dawa inayomiminwa kwenye kidole cha mama mkubwa ilikuwa kali karibu mara 9,000 kuliko ile ambayo mwili wake ulikuwa ukiipika ndani kwa kazi ile ile ya kuua vijidudu. Hapo ndipo nilipoanza kusoma, na kusoma kwangu kulinifikisha mahali ambapo sikupategemea: kwenye polima, yaani kwenye jamii ya vitu vinavyotengenezea kamba za mwani.

Nianze na moto wenyewe.

Oksijeni tunayoivuta ni tulivu kwa kiasi. Ikinyang'anya elektroni moja inakuwa superoksaidi, ikipata nyingine na haidrojeni inakuwa peroksaidi, na peroksaidi ikikutana na chuma inaweza kuzaa radikali ya haidroksili, ambayo haiachi kitu inachokigusa; radikali ni chembe yenye elektroni isiyo na mwenzake. Darasani kundi zima hili naliita oksijeni kali. Kwa muda mrefu watu walidhani ni mambo ya chupa za maabara, hadi mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walipoonesha kwamba mwili una kimeng'enya maalumu cha kuishughulikia superoksaidi. Kama kuna mzima moto, basi moto upo.

Upo, na sehemu yake kubwa tunauwasha kwa makusudi. Seli nyeupe za damu zina mtambo kwenye ngozi yao unaoitwa NADPH oksidesi. Seli ikimeza bakteria, mtambo unawashwa, superoksaidi inamwagwa juu ya mfungwa, inageuka peroksaidi, kisha kimeng'enya kingine kinaichukua peroksaidi pamoja na chumvi ya damu na kutengeneza asidi ya haipoklorasi. Hiyo ndiyo inayofanya kazi ndani ya klorini tunayotia visimani wakati wa kipindupindu. Kila mmoja wetu anatembea na klorini yake. Kimeng'enya hicho kina rangi ya kijani, na ule ukijani tunaouona kwenye usaha unatoka kwake. Kuna watoto wanaozaliwa mtambo huu ukiwa mbovu. Hao hushambuliwa na bakteria na ukungu mara kwa mara, maambukizi ambayo mtoto mwingine hata asingeyajua. Kwa hiyo anayesema oksijeni kali ni adui, na zipo biashara nyingi za vidonge zinazosema hivyo, hajasema kweli yote.

Kidonda cha kawaida huenda kwa zamu. Damu inaganda, seli nyeupe zinakuja kusafisha kwa moto wao, halafu moto unapungua na wajenzi wanaingia: mishipa mipya, nyama mpya, mwisho ngozi. Kwenye mguu wa mtu mwenye sukari zamu hazibadilishwi. Sukari ikizidi kwenye damu, mitokondria, yaani vinu vya nishati ndani ya seli, zenyewe huvujisha superoksaidi zaidi. Seli za kusafisha hazipati amri ya kuondoka. Moto unawaka wiki sita, miezi sita, na kila kinachojengwa mchana kinaunguzwa usiku. Kidole cha mama mkubwa kilikuwa kimekwama hapo. Nilipolielewa hilo nilisikia uchungu wa aina nyingine, kwa sababu tulikuwa tukiuongezea mafuta moto usiozimika.

Sasa kamba.

Kila anayelima mwani anaijua kamba mbovu. Ikinunuliwa inang'aa, rangi ya buluu au kijani kibichi, ngumu mkononi. Ikikaa juani misimu kadhaa inapauka, inatoa manyoya, mwisho ukiikamata inabaki unga viganjani. Mama mkubwa huilaumu chumvi. Chumvi haina kosa kubwa hapo. Polima ni mnyororo: chembe ndogo zilizoshikana mkono kwa maelfu, mstari mrefu, na nguvu ya kamba ni urefu wa mistari hiyo. Mwanga mkali wa jua unavunja mshiko mmoja na kuacha radikali. Oksijeni ya hewani inaidaka radikali hiyo, inazaa nyingine, nayo inakwenda kuvunja jirani. Mistari mirefu inakuwa vipande vifupi. Viwanda hutia dawa za kuchelewesha jambo hili, lakini jua la Pemba halina haraka, litashinda tu.

Wanakemia wa polima wamehangaika na ubovu huo tangu kazi yao ianze. Oksijeni ilikuwa mwizi wa kufungiwa mlango. Ndiyo maana nilisimama nilipofika kwenye utafiti wa mwaka 2004, uliochapishwa katika jarida la Nature Materials na kundi la Jeffrey Hubbell lililokuwa Uswisi. Hawa walitengeneza polima ambayo ubovu wake ndio kazi yake.

Walitumia kibiriti. Nina maana ya kibiriti kile cha manjano, sulfuri, ambacho wazee walikuwa wakikisaga kwa upele. Waliunda mnyororo wenye chembe ya kibiriti kila baada ya hatua chache, mnyororo unaoyakimbia maji kama mafuta ya nazi yanavyoyakimbia. Kila upande wakauunganisha na mnyororo mwingine unaoyapenda maji. Ukivitia ndani ya maji vitu vya namna hiyo vinajipanga vyenyewe: sehemu inayokimbia maji inajificha katikati ya ukuta, ile inayopenda maji inakaa nje, na unapata vifuko vidogo visivyoonekana kwa jicho, vyenye nafasi ya kubebea dawa ndani. Vikiwa kwenye nyama tulivu vinakaa. Vikifika penye oksijeni kali, kila chembe ya kibiriti inachukua oksijeni moja, kisha ya pili. Na kibiriti kilichokula oksijeni kinabadilika tabia, kinaanza kuyapenda maji. Ukuta uliokuwa umeshikana kwa sababu ya kuyakimbia maji hauna tena sababu ya kushikana. Unalainika, unafunguka, dawa inatoka.

Nilikisoma kifungu hicho mara tatu. Nilikuwa nimesomesha polima miaka tisa, nikiwaambia watoto kwamba oksidisho, yaani kuliwa na oksijeni, ni kuoza kwake, na haikunijia hata siku moja kwamba kuoza mahali unapotaka, kwa kiasi unachotaka, kunaweza kuwa namna ya kusikia.

Baadaye zilikuja njia nyingine. Nitazipita haraka isipokuwa moja. Mwaka 2011 watu wa kundi la Jean Fréchet wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichukua dekstrani, ambayo ni mnyororo wa sukari unaoyeyuka katika maji, wakauvisha koti la boroni likaufanya usiyeyuke. Peroksaidi ikija inalivua lile koti, sukari inarudi kuwa sukari na kuyeyuka. Wengine wametumia seleni badala ya kibiriti, kwa kuwa seleni inashtuka upesi zaidi.

Ile nisiyotaka kuipita inaitwa thioketali. Hapa vibiriti viwili vimeshikwa na chembe moja ya kaboni katikati yao, kama vidole viwili kwenye pete. Kifungo hicho kinavumilia asidi ya tumbo, kinavumilia vimeng'enya vinavyosaga chakula, lakini oksijeni kali inakikata, na kinachotoka ni vipande vidogo pamoja na asetoni kidogo, kitu ambacho mwili wenyewe hutengeneza pale unapounguza mafuta. Mwaka 2010 kundi la Niren Murthy lilitumia uvumilivu huo kuwapa panya dawa ya kumeza iliyopita tumboni salama na kufunguka kwenye utumbo uliovimba. Lakini kilichonigusa mimi ni povu la aina nyingine. Craig Duvall na wenzake wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt walitengeneza sponji laini kutokana na polima yenye vifungo vya thioketali, ya kujazwa ndani ya kidonda. Mwaka 2022 walichapisha matokeo ya kuijaribu kwenye vidonda vya ngozi ya nguruwe. Sponji ile ni jukwaa: seli zinapanda juu yake, mishipa inapita matunduni, na seli zinapotoa oksijeni kali zinakata jukwaa kidogo kidogo huku zikijenga nyama mahali pake.

Linganisheni na nyuzi za kushonea zinazoyeyuka zenyewe, ambazo kinamama wengi wanazijua kutoka wodi ya wazazi. Nyuzi zile hukatwa na maji. Maji yapo mwilini saa zote, kwa hiyo uzi unafuata kalenda yake: umepangiwa wiki kadhaa, utaondoka kwa wiki hizo, mshono umepona au haujapona. Na nyingi zikivunjika zinaacha asidi. Kwa mshono wa siku kumi hakuna tatizo. Kwa kidonda ambacho hakuna ajuaye kitachukua muda gani, kalenda ya kiwandani haifai kitu. Inatakiwa kalenda ya kidonda chenyewe. Hili ndilo lililonifanya niandike makala hii. Kwa wiki sita watu wazima wenye nia njema, na mimi mmoja wao, tulikuwa tunakiamulia kidonda kile: leo kioshwe, kesho kutwa kichemshwe, Jumatatu kitiwe unga. Hakuna aliyekuwa na njia ya kukiuliza kimefika wapi. Polima hizi ni jaribio la kwanza nililokutana nalo la kumpa kidonda neno katika matibabu yake.

Kuhusu unga: wiki ya pili mama mkubwa alikuwa ameshatia manjano na asali, kama bibi yake alivyokuwa akifanya. Sitamcheka mtu kwa hilo, hasa kisiwani kwetu, ambako viungo ndivyo vilivyotusomesha. Manjano ina kurkumini, ndiyo inayoipa rangi, na kurkumini inazipunguza nguvu oksijeni kali. Shida yake ni mbili. Haiyeyuki katika maji, jambo ambalo kila mpishi analijua ingawa halisemi hivyo: manjano tunaikaangia mafuta au tunaitia kwenye tui, hatuichemshi kwa maji matupu tukategemea itoe kitu. Na ikiingia mwilini huondolewa upesi sana. Mwaka 2015 watu wale wale wa Vanderbilt waliifungia kurkumini ndani ya chembe za ile polima ya kibiriti, wakawapa panya wenye kisukari ambao mishipa ya mguu ilikuwa imezibwa. Chembe zilikaa na mzigo wao, zikautoa palipowaka, na mtiririko wa damu mguuni ukawa mzuri zaidi. Niliposoma hilo nilimpigia simu mama mkubwa usiku ule ule. Nilitaka ajue kwamba manjano yake ilikuwa na maana, ilikosa chombo tu.

Jumamosi nilimueleza yote, barazani, mguu wake umeegeshwa juu ya kigoda. Nilijitahidi kutumia maneno yetu. Nikamwambia kuna watu wanatengeneza dawa inayokaa kimya ndani ya kidonda, haifanyi lolote mpaka kidonda kiseme kwamba kinawaka, ndipo inafunguka.

Akafikiri. Akauliza, "Na kidonda kikiongopa?"

Nimesomesha watoto wengi, na wachache wameniuliza swali zuri kuliko hilo. Sikuwa na jibu siku ile. Nimelitafuta tangu wakati huo, na ninachokijua sasa ni hiki: kidonda kinaweza kuongopa kwa namna zisizopungua tatu.

Kwanza, kinaweza kuwaka kwa haki. Bakteria wamevamia, moto unahitajika, halafu inafunguka dawa ya kuuzima. Umewanyang'anya askari silaha katikati ya mapigano. Na hata pasipo bakteria, oksijeni kali kidogo ni wito. Mwaka 2009 Philipp Niethammer na wenzake wa Harvard walikata mkia wa vifaranga vya samaki aina ya zebrafish, samaki wadogo ambao ndani yao kunaonekana, wakaiona peroksaidi ikipanda ukingoni mwa jeraha ndani ya dakika chache, kabla seli nyeupe hazijafika. Seli zilikuja kwa kuufuata wito huo, na walipouzuia, hazikuja kama kawaida. Zima yote, na hakuna atakayeitikia. Wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 wa Finland walipewa vidonge vya beta-karotini au vitamini E, vitu vinavyosifiwa kwa kuzima oksijeni kali, au vidonge vitupu, kwa matumaini ya kuwakinga na saratani. Matokeo yalipotoka mwaka 1994, waliopewa beta-karotini walikuwa na saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18. Mimi naichukua habari hiyo kama sababu ya kutaka dawa inayofunguka mahali pamoja kwa kiasi, badala ya kummwagia mtu mzima. Lakini kiasi gani? Hapo ndipo ugumu ulipo.

Pili, kinaweza kunyamaza wakati kinaungua. Ili kutengeneza oksijeni kali unahitaji oksijeni ya kawaida, na inaletwa na damu. Mguu wa mtu mwenye sukari mara nyingi mishipa yake imebana. Nyama inaweza kuwa inakufa kwa kukosa hewa huku moto wake ni hafifu, hivyo polima inangoja ishara isiyokuja. Hili ndilo linalonitisha zaidi, kwa sababu vidole vya namna hiyo ndivyo vinavyokatwa.

Tatu ni uongo wa maabara, na hapa ninasema kama mwalimu anayependa kazi hii na anayeitakia mema. Polima nyingi zimesifiwa baada ya kutumbukizwa kwenye peroksaidi yenye nguvu kuliko inayopatikana mwilini, mara mia, pengine mara elfu. Ukinionesha kwamba kifuko chako kinafunguka ndani ya milimoli 100 kwa lita, yaani maikromoli 100,000, umenionesha kwamba kinafunguka ndani ya kitu kilicho karibu zaidi na chupa ya dukani kuliko na mwili. Mwili una maikromoli. Kifuko kinachofunguka kwa saa moja ndani ya chupa kinaweza kuchukua miezi ndani ya mguu. Watafiti wenyewe wanalijua na ndiyo maana wanatafuta vifungo vinavyosikia kwa urahisi zaidi, lakini kifungo kinachosikia sana nacho kina lake: kinaanza kuvunjika kwenye rafu ya duka la dawa, kwa hewa na joto tu. Fikirieni rafu ya Micheweni mwezi wa pili, wakati wa kaskazi, joto limekaa ndani ya chumba kama mgeni asiyeaga.

Kwa hiyo kazi hii bado ni ya panya na nguruwe kwa sehemu kubwa. Haipo kwenye kabati la dawa la kituo cha kijijini kwetu, na sitaki msomaji yeyote mwenye mgonjwa nyumbani amalize makala hii akiwa na matumaini ya kuipata kesho.

Lipo jambo moja lililonirudisha baharini. Nilipokuwa naitafuta peroksaidi kwenye makala za watafiti, nilikutana na ya mwaka 1995 ya Matern Mtolera na Adelaida Semesi pamoja na wenzao wa Sweden. Walichunguza mwani wa spinosamu, huu huu unaolimwa visiwani kwetu tangu kilimo cha biashara kilipoanza Paje na Jambiani, Unguja, mwaka 1989. Waliona kwamba mwani ukitaabishwa, kwa mwanga mkali, kwa maji ambayo uasidi wake umebadilika, kwa kubanwa na mimea mingine, unatoa peroksaidi kwa wingi kiasi cha kujidhuru wenyewe. Nilipomwambia mama mkubwa alitikisa kichwa polepole. Ameshaona misimu ambayo mwani unapauka na kukatika kwenye maji ya moto yasiyotembea. Sikumwambia kwamba sababu ni moja tu, maana kupauka kwa mwani kuna sababu nyingi. Lakini alilishika haraka kuliko mwanafunzi wangu yeyote: mwani nao una moto wake, unauwasha ukiteswa, na ukizidi unauunguza.

Na mwani huo umejaa polima. Karajinani, ile inayotolewa kwenye mwani wetu baada ya kununuliwa mkavu kwa bei ndogo na kupelekwa nje, ni mnyororo mrefu wa sukari. Ya spinosamu inafanya jeli laini yenye kunyumbuka, ya kotonii, aina nyingine ya mwani, jeli ngumu zaidi. Imeshajaribiwa na watafiti wengi kama jeli ya kufungia vidonda, kwa kuwa inabeba maji na haikwaruzi. Yenyewe haiisikii oksijeni kali kwa namna ya kibiriti. Ila inaweza kuwa kitanda cha vitu vinavyosikia, na kila nikipita Tumbe wakati wa mwani umeanikwa juu ya majani, zambarau na kahawia mpaka mwisho wa macho, nafikiri juu ya kitanda hicho. Ninatamani mtoto mmoja wa skuli zetu, mmoja tu, alifikirie jambo hilo akiwa na maabara mkononi. Nimeshaanza kulisomesha, kwa kamba mbili: moja mpya kutoka sandukuni, nyingine iliyokaa juu ya paa la makuti miaka mitatu. Watoto wanavuta. Moja inakatika. Halafu nawauliza nani aliyeikata, na somo linaanzia hapo.

Kidole hakikupona. Wiki ya tisa tulimpeleka spitali nyingine, daktari akapima mapigo ya mguu, akaacha peroksaidi siku ile ile, akaagiza maji ya chumvi safi na bandeji yenye unyevu, sukari ipimwe asubuhi na jioni, na mguu usikanyagwe. Kidole kilikuwa kimechelewa, wakakiondoa. Lakini pale kilipokatwa pamefunga. Niliangalia kila Ijumaa: ukingo mwembamba wa waridi ukitambaa kuingia ndani, upana wa punje ya mtama kwa wiki, seli zikifanya kazi yao kwa zamu kama inavyotakiwa. Nilipiga picha kumi na moja. Ninazo mpaka leo kwenye simu.

Jumamosi iliyopita tulikaa barazani tukichambua kamba za msimu. Mama mkubwa huzipima kwa mkono: anashika ncha mbili, anavuta kwa mkupuo, anasikiliza. Ya kwanza nzima, ya pili nzima. Ya tatu ikakatika bila sauti, unga wa buluu ukamwagika kwenye kanga yake. Akaukung'uta, akanipa vipande viwili. "Hivi vyako, kawasomeshee," akasema, akanyoosha mkono kuvichukua viatu vyake vya mpira, kwa sababu maji yalikuwa yameanza kupwa.